Kusikia kwa Mfupa

Mwaka 2019 nilipasuliwa sikio la kushoto, ambalo lilikuwa likitoa usaha tangu utotoni. Kiwambo cha sikio kilichotoboka kilizibwa kwa utando uliochukuliwa kwenye msuli wa juu ya sikio, kisha tundu likajazwa pamba za dawa ambazo sikuruhusiwa kuzigusa kwa majuma kadhaa. Kwa mtu ambaye sikio lake jingine ni zima, huo ni usumbufu tu. Langu la kulia lilikuwa limekwisha kudhoofishwa na ugonjwa uleule, hivyo nilirudi nyumbani Buguruni nikiwa kiziwi wa kuandikiwa kwenye simu.

Siku niliyokwenda kuangaliwa kidonda, mtaalamu wa usikivu aligonga chuma chenye pembe mbili mithili ya uma. Alipokiweka mbele ya sikio la kulia nilisikia kwa mbali mno, lakini shina lake lilipogusa mfupa ulio nyuma ya sikio hilohilo, mlio ulijaa kichwani. Aliniandikia kwamba sikio la ndani lilikuwa zima, na kilichoziba ni njia ya kulifikia. Akaniazima kifaa kidogo kilichopachikwa kwenye mkanda wa kuvaa kichwani: maikrofoni yake hunasa sauti, sauti hugeuzwa kuwa mtetemo, na fuvu huupeleka mtetemo huo hadi sikio la ndani bila kupita tunduni. Alikiweka upande wa kulia, mbali na kidonda, akisema kwamba fuvu ni moja na mtetemo hufika pande zote mbili.

“Mdogo wangu, wanisikia?” dada aliuliza. Nilimsikia, ila sauti yake haikutoka pale alipokaa. Ilitokea katikati ya kichwa changu.

Jambo ambalo hakuna aliyelitaja ni mtandio. Kila nilipogeuza shingo, kitambaa kilisugua maikrofoni na kunipigia mkwaruzo wa kukera, hata nikalazimika kukirudisha nyuma ya kifaa na kukibana kwa pini. Mkanda nao ukilegea sauti hufifia, na ukikazwa mno ngozi huuma. Kubwa kuliko yote lilikuwa barabarani, kwa kuwa honi zote zilitokea mahali pamoja, yaani kichwani mwangu. Tulipokuwa tukivuka Barabara ya Uhuru nilisikia bodaboda vizuri kabisa, nikatazama kushoto, nayo ikaja kutoka kulia. Dada akanivuta mkono.

Jioni mama aliendelea kunipigia kelele kama alivyozoea, nami nikamwomba apunguze. Dada, ambaye haamini kitu mpaka akijaribu mwenyewe, alikivua kifaa kichwani mwangu, akaziba masikio yake kwa vidole na kuniomba nikibandike kwenye paji la uso wake. Akakaa kimya akimsikiliza mama aliyekuwa jikoni akimsimulia jirani habari za ugonjwa wangu.

“Kumbe unatusikia mpaka jikoni!” akasema aliponirudishia kifaa.

Tangu siku hiyo, walipotaka kunisema walitoka kwenda uani.