Homa siku ya mtihani

Leo mwanangu hakwenda shule, na ilikuwa siku ya mtihani wa majaribio. Yuko darasa la nne, mwaka wa upimaji wa taifa, kwa hiyo uamuzi huo haukupita kimya humu ndani. Baba yake alisema, "Mama Nasra, mpe parasetamo aende tu, saa sita atakuwa amerudi." Sikukubali, na hata sasa sikubali.

Alfajiri kipimajoto cha kwapani kilionyesha 38.6. Dawa ya kutuliza homa ingeshusha joto, ndiyo, ila nguvu yake ni ya saa nne hadi sita hivi. Mtoto akinywa saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa tano inamwishia akiwa darasani, mbele ya mwalimu mwenye watoto tele wa kuangalia, na kilicholeta homa hakijaguswa. Hapa Dar es Salaam homa ya mtoto haikisiwi, inapimwa. Tulikwenda zahanati, akatobolewa kidole, na kama robo saa baadaye majibu yakatoka: malaria. Dozi ya kwanza ya dawa mseto ameinywa saa tatu pamoja na uji wa maziwa. Ya pili ni saa kumi na moja jioni, kisha asubuhi na jioni mpaka zitimie siku 3.

Jirani kaniuliza, kama malaria haimwambukizi wa dawati moja, kwa nini asiende? Ni kweli haiambukizi hivyo, lazima mbu apite katikati. Lakini mimi nina maswali mawili, na kila moja linajitegemea: mwenyewe ataweza? Wenzake watakuwa salama? Leo la kwanza lilitosha. Alipiga mswaki ameshika ukuta.

Tetekuwanga ni kinyume chake. Homa imekata, mtoto anacheza mpira uani, na bado hatakiwi shuleni mpaka vipele vyote vikauke na kufanya magamba. Hapo ndipo wazazi tunapopata taabu, maana tunamwona mzima. Januari 2024, macho mekundu yalipoenea hapa jijini, niliwaona watoto wana nguvu zao zote, wanafikicha macho halafu wanashikana mikono. Ilinisikitisha sana. Kwa mafua mepesi tu simzuii kwenda shule. Ningemzuia, hakuna muhula ambao angeumaliza.

Nimempigia mwalimu wa darasa nikamweleza wazi. "Mlete akipona, mama, karatasi yake naitunza." Nilishukuru mno.

Kesho habari za shule hazipo. Homa ikikata leo usiku, ikapita siku nzima bila parasetamo na akala vizuri, keshokutwa ataenda. Dozi zitakazobaki atakunywa hapa hapa nyumbani, moja kabla ya basi la shule, nyingine jioni.