Ufa Katika Jiwe la Aswan

Nimekulia Mabatini, jijini Mwanza, katika nyumba iliyoegemea jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe, na kazi iliyotulisha ilikuwa kupasua mawe. Mama aliponda kokoto chini ya kivuli cha magunia, akilizungushia kila jiwe kipande cha mpira wa tairi ili vipande visimrukie machoni. Babu, kabla mgongo haujamkataza, ndiye aliyewasha moto juu ya miamba, akauacha uwake tangu jioni mpaka jiwe lianze kuatuka, kisha akalifuata kwa nyundo na tindo. Nilipokuwa darasa la tano walihangaika na mwamba mmoja kwa zaidi ya wiki mbili, wakikusudia kutoa mawe ya msingi kwa mteja aliyeagiza malori mawili. Siku ya mwisho mwamba ulipasuka kinyume, ufa ukapita katikati ya sehemu yote nzuri, na mteja akakataa kuchukua hata jiwe moja. Nakumbuka Babu alivyokaa juu ya mwamba ule bila kusema neno, nyundo ikiwa mapajani. Bila kisa hicho, siku niliyoitumia Aswan, kusini mwa Misri, mwezi Novemba 2019 isingekuwa na uzito ilio nao moyoni mwangu.

Nilisafiri peke yangu. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari, na walimu wenzangu wawili walikuwa wamekubali twende pamoja, lakini mmoja alizuiwa na ada za watoto na mwingine na ujenzi, nami nilikuwa nimeweka akiba kwa miaka minne na sikutaka kungoja wa tano. Nilipanda basi hadi Nairobi, ndege hadi Cairo, na treni ya usiku hadi Aswan.

Gari la abiria lilinichukua saa kumi alfajiri pamoja na wageni wengine kwenda Abu Simbel, umbali wa kilomita 280 hivi kuelekea kusini. Kulipokucha tulikuwa tayari ndani ya jangwa, na kwa muda wote uliobaki sikuona mti, wala mtu anayetembea kando ya barabara. Sisi tuliozaliwa Usukumani hatujazoea barabara isiyo na mtembea kwa miguu, na ukimya ule ulinitia hofu ambayo sikumweleza yeyote garini.

Sanamu nne za farao Ramesses II zilizoketi mbele ya hekalu kubwa zina urefu wa mita 20 hivi kila moja, na moja kati yake ilianguka sehemu ya juu tangu zama za kale, hivyo kichwa chake kimelala mchangani miguuni pa zenzake. Hapo zilipo leo sipo zilipochongwa. Kati ya mwaka 1964 na 1968 mahekalu yote mawili, lile la mfalme na lile la mkewe Nefertari, yalikatwa vipande zaidi ya 1,000 na kuunganishwa upya mita 65 juu zaidi, ili yasizamishwe na ziwa lililokuwa likijaa nyuma ya Bwawa Kuu la Aswan. Nilisimama ukingoni mwa ziwa hilo nikiyatazama maji ambayo, ingawa sehemu yake kubwa hutoka nyanda za juu za Ethiopia, yamo pia yaliyotoka kwetu Ziwa Victoria kupitia Mto Nile pale Jinja. Hata hivyo kilichonishika zaidi pale ni mateka waliochongwa chini ya viti vya sanamu, kusini mwa mlango: watu weusi, Wanubi, waliofungwa kamba shingoni kwa mfuatano. Mbele yao wageni walikuwa wakipigana picha. Nilibaki hapo hadi dereva alipoanza kutuita, kwa kuwa niliona si haki kuwapita watu wale kama mtu apitaye pambo la ukuta.

Tuliporudi Aswan wenzangu walishukia hotelini, nami nikachukua teksi hadi kwenye machimbo ya kale ya graniti, yaliyo ndani ya mji wenyewe. Huko ndiko iliko nguzo ambayo haikumalizika. Ni obeliski, yaani nguzo ya pembe nne yenye ncha, na wengi huihusisha na malkia Hatshepsut, aliyetawala miaka 3,500 hivi iliyopita. Ina urefu wa karibu mita 42, na kama ingetoka ingekuwa na uzito wa zaidi ya tani 1,000. Imelala ubavuni mwa mwamba ikiwa imechongwa pande tatu, huku upande wa chini ukiwa bado umeshikamana na mlima.

Niliinama nikaweka kiganja juu ya jiwe. Miamba ya Mwanza ni mikongwe zaidi, kwani ina zaidi ya miaka bilioni 2.5 ilhali ile ya Aswan ina milioni 600 hivi, na ya kwao ni nyekundu kuliko yetu, lakini mkono wangu haukuona ugeni wowote. Ilikuwa chembe ileile inayokwaruza vidole, na joto lilelile la alasiri ambalo jiwe hulitunza hata jua likishapungua. Watu wale hawakuwa na zana za chuma, na shaba haiwezi graniti, kwa hiyo walipondaponda mwamba kwa mawe ya mviringo ya doleriti, ambayo ni magumu zaidi, hadi wakachimba mfereji kuizunguka nguzo yote. Kuta za mfereji zimejaa mabonde madogo yanayofuatana, kila bonde likionyesha mahali mtu mmoja alipochuchumaa na kupiga. Zipo pia dalili kwamba waliunguza tabaka la juu kwa moto kabla ya kuanza kuponda. Niliposoma hilo nilimwona Babu.

Mlinzi mmoja mzee aliponiona nimechuchumaa muda mrefu alinijia na kunikabidhi mpira mmoja wa doleriti ili niupime uzito. Niliuinua kwa mikono miwili, nikaushusha polepole, nikaanza kuhesabu ni mara ngapi ningeweza kufanya hivyo kabla ya mchana, nikaacha kuhesabu. Kisha akanionyesha ufa.

Unapita ndani ya nguzo, mwembamba, kama mstari wa kalamu. Ndio uliowafanya waiache kazi yote. Nililia, na mzee yule akatazama pembeni kwa heshima.

Jioni hiyohiyo nilipanda treni ya kwenda Luxor, safari ya saa tatu hivi, vumbi la machimbo likiwa bado kwenye viatu. Asubuhi yake, mbele ya hekalu la Luxor, niliiona obeliski iliyofanikiwa kusimama, ambayo pacha wake amesimama Paris tangu mwaka 1836. Ni kazi ya ajabu, lakini sikukaa hapo sana.

Nyumbani nilimwonyesha Mama picha kwenye simu, tukiwa tumeketi barazani, mlima ukiwa nyuma yetu. Babu alikuwa ameshafariki. Nilimweleza kuhusu doleriti, mfereji na moto, naye akaufuata ule ufa kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho wake.

“Hawakuligonga kwanza wakalisikiliza?” aliuliza. “Jiwe zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti ya chungu kibovu. Baba yangu asingekosa kusikia.”

“Hata yeye aliwahi kukosa, Mama.”

Alinyamaza, akaitazama tena ile picha kwa karibu, hasa yale mabonde ya kwenye mfereji.

“Na siku hiyo ufa ulipotokea,” akasema, “hawa waliokuwa wanaponda, walilipwa?”