Jinsi nilivyolifumbua jina la Thingwall

Nilipohamia rasi ya Wirral, ng'ambo ya mto Mersey kutoka Liverpool, kila niliyemwuliza asili ya jina la kijiji cha Thingwall alinijibu kwa uhakika wa kuudhi kwamba wall ni ukuta, kwa hiyo nitafute ukuta. Basi nikautafuta. Mchana kutwa, mvua ikininyeshea, nilikagua kila uzio wa shamba na kila rundo la mawe kama mpima ardhi asiyelipwa, hata mama mmoja mwenye mbwa akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimepoteza kitu. Ukuta wa kustahili kukipa kijiji jina haukuwapo.

Nikaachana na washauri hao na kwenda maktaba, kwa gharama ya nauli ya basi na sarafu chache za nakala. Anayetafuta jina la mahali aanze na maandishi ya kale kabisa, si kibao cha barabarani. Katika Domesday, orodha ya ardhi na mali iliyokusanywa kwa amri ya Mfalme William mwaka 1086, jina hilo halimalizikii kwa wall bali kwa velle. Kisha nikalitafutia ndugu, nao wakajitokeza: Tingwall kule Shetland, Dingwall huko Uskoti, Tynwald katika Kisiwa cha Man, na Thingvellir nchini Iceland, ambako baraza la Althing lilianza kukutana mwaka 930. Wote ni ukoo mmoja wa Kiskandinavia cha kale: thing ni baraza la kutunga sheria na kuamua kesi, na völlr ni uwanja. Watu wa Norwei hadi leo huliita bunge lao Storting.

Jina la Irby, kijiji jirani, maana yake ni makazi ya Waayalandi, kwa kuwa Waskandinavia wengi wa Wirral walivuka kutoka Ayalandi baada ya kufukuzwa Dublin mwaka 902.

Lililonifurahisha zaidi ni jina la Greasby, kijiji kingine cha Wirral. Rafiki yangu, aliyekwisha kukariri kwamba kila jina lenye -by, yaani makazi, ni la Waviking, hao Waskandinavia wa kale, alikuwa tayari kuweka dau. Nikamfunulia tahajia ya 1086, Gravesberie, ambayo mwisho wake ni burh, yaani boma kwa Kiingereza cha kale, uliogeuzwa baadaye ukafanana na majina ya majirani. Chai alilipa yeye, na keki pia.