Lightroom yangu imebaki na paneli nne

Juzi mshkaji kachungulia laptopu yangu, nimefungua Lightroom Classic, ile programu ya kuchuja na kuediti picha, akauliza hii umeikata kwa panga au, maana upande wa kulia kwenye Develop, sehemu ya kuediti, kaona paneli nne tu za vifaa. Nikamwambia zipo zote, nimezificha, unaklik kulia kwenye jina la paneli unatoa tiki kwa zile usizogusa, hapohapo unaweka Solo Mode ukifungua moja nyingine inajifunga yenyewe. Kwa skrini ndogo kama yangu kuskroli juu chini kutafuta slaida moja, kale kamstari ka kuvuta kuongeza au kupunguza mwanga na rangi, ndo kulikuwa kunanimalizia usiku.

Ila ukweli paneli ilikuwa kisingizio, tatizo mimi. Nilikuwa narudi kwenye sendofu na picha elfu mbili na ushee, nafungua ya kwanza naanza kuisafisha, naweka mwanga, nalainisha ngozi ya shangazi, dakika kumi hizo, nikienda picha ya pili nakuta mkao uleule ila shangazi kafumbua macho vizuri zaidi. Kazi bure!

Siku hizi hakuna kugusa rangi mpaka mchujo uishe, yaani kuchagua zipi zibaki zipi zitoke. Nawasha Caps Lock (wengi hawaijui hii, ikiwaka, kila ukiweka alama Lightroom inaruka yenyewe picha inayofuata) halafu vidole viwili tu, P inabaki X inatoka, kafumba macho X, mhudumu kapita na sinia mbele ya lenzi X, keki P. Nikisita sekunde mbili naiacha hivyohivyo nasonga. Mwisho Ctrl na Backspace, zile za X zote zinaondoka, ila pale inauliza utoe kwenye katalogi tu (orodha ya picha ya Lightroom) au ufute na kwenye diski kabisa, mi natoa kwenye katalogi tu mpaka mteja achukue mzigo wake, maana mama bi harusi lazima aulizie ile ile we uliyoiona takataka. Halafu namba za kuweka lebo ya rangi, 6 nyekundu hizo zinaenda Photoshop, 8 kijani zimeisha. Naediti picha moja kwa kila mwanga, kanisani moja, ukumbini kwenye zile taa za zambarau moja, nyingine nasinki, yaani zinakopi marekebisho yaleyale.

Kuna siku nilihamisha folda kwa mkono kwenda diski ya nje, kufungua Lightroom alama za mshangao kila kona, presha ikapanda. Kumbe katalogi haibebi picha, inakumbuka tu picha iko wapi na umeifanyia nini, nikaielekeza folda ilipo yakaisha. Sasa nahamishia humohumo ndani.

Na jengeni Smart Preview, nakala ndogo za picha, wakati wa kuimpoti jamani, unaediti hata diski haijachomekwa. Wiki iliyopita nimepiga mchujo kwenye basi la Moshi, diski iko kabatini nyumbani Dar. Chaji ikakata Korogwe, zimebaki mia tatu na kitu.