Walimu wa Historia wa Nchi Mbili: Anzeni na Somo Moja, Kitabu Kitangoja

Wakutanishe walimu wa historia wa nchi nne, waulize Vita vya Pili vya Dunia vilianza lini. Wa Poland atajibu 1 Septemba 1939. Wa China ataanzia Julai 1937, Japani ilipoanza vita vyake vikubwa dhidi ya nchi hiyo. Wa Ethiopia ana kila sababu ya kuanzia 3 Oktoba 1935, siku majeshi ya Italia yalipovuka mpaka. Wa Urusi atataja 22 Juni 1941. Hata mwisho wa vita unagawanyika: kusalimu amri kwa Ujerumani kulianza kutekelezwa tarehe 8 Mei 1945, saa tano na dakika moja usiku kwa saa za Ulaya ya Kati, na wakati huo Moscow ilikuwa imeshaingia tarehe 9.

Hakuna aliyekosea hapo. Kila mmoja anafundisha vita kama vilivyofika kwao. Ushirikiano wa walimu wa mataifa mbalimbali unapata faida kwenye tofauti za namna hii, na unavunjika pale watu wanapokimbilia kuzifuta ili wapate simulizi moja ya kumridhisha kila mtu.

Tuangalie muda ambao kazi hii imechukua kwa wenzetu. Mwaka 1951 walimu na wanahistoria wa Ufaransa na Ujerumani walikubaliana hoja 40 kuhusu namna ya kufundisha masuala yaliyowagombanisha. Kitabu chao cha pamoja cha shule za sekondari kilianza kutoka mwaka 2006. Tume ya Ujerumani na Poland, chini ya mwavuli wa UNESCO, iliundwa 1972, ikatoa mapendekezo yake 1976, na juzuu la kwanza la kitabu chao likapatikana 2016. Hao walikuwa na serikali, taasisi ya utafiti wa vitabu vya kiada kule Braunschweig, na fedha. Kikundi cha walimu wanaokutana jioni kwa simu kisijiwekee lengo la kuandika kitabu. Lengo liwe somo moja la vipindi viwili au vitatu, lakini lifundishwe kweli pande zote mbili.

Walimu wanne hadi sita wanatosha, ila kila nchi itoe wawili au zaidi. Mwalimu akiwa peke yake anageuka balozi: kila linalosemwa kuhusu nchi yake analibeba yeye, na punde anaanza kuitetea. Wakiwa wawili watapingana wao kwa wao, na wenzao wataona kwamba nchi ile nayo haina sauti moja. Mada iwe tayari ndani ya mihtasari ya nchi zote. Iliyo nje ya muhtasari, hata iwe tamu vipi, itatupwa mitihani ikikaribia.

Kazi ya kwanza ni kubadilishana kurasa. Kila mwalimu apige picha kurasa mbili hadi nne za kitabu ambacho wanafunzi wake wanakitumia, azitafsiri kwa lugha nyepesi, kisha wote wazisome wakiwa na maswali matatu: simulizi inaanzia wapi? Nani ametajwa kwa jina na nani ameachwa kuwa “wenyeji” au “askari” tu? Picha gani imewekwa?

Chukua Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885. Mchoro unaojulikana sana unaonyesha wajumbe kwenye meza yenye umbo la kiatu cha farasi, na ukutani ramani kubwa ya Afrika. Bara lipo ukutani, lakini mezani hakuna Mwafrika hata mmoja. Mwanafunzi wa bara lolote anaweza kuanza kufikiri kutokana na picha hiyo peke yake. Tatizo linakuja pale kitabu kinapoweka pembeni yake ramani ya Afrika ya 1914, kana kwamba mipaka ile ilichorwa pale mezani. Mkutano uliweka kanuni za biashara kwenye mito ya Kongo na Niger, na za kutangaza umiliki wa maeneo mapya ya pwani. Sehemu kubwa ya mipaka ilitokana na mikataba ya baadaye, kama ule wa Uingereza na Ujerumani wa 1890. Kosa hili utalikuta Afrika na Ulaya pia, na ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa pande zote zinajirekebisha kwa pamoja.

Baada ya hapo, andaeni mkusanyo wa vyanzo sita hadi vinane, kila kimoja kisizidi nusu ukurasa. Juu yake kiandikwe aliyekitoa, tarehe, kililengwa kwa nani, na nakala asili iko wapi. Mimi naisisitiza sana kanuni hii: kila upande ulete angalau chanzo kimoja kinachoukera wenyewe. Bila hiyo, mnaishia kubadilishana mashtaka.

Upo mpangilio wa ukurasa unaofaa kuigwa. Walimu wa Kipalestina na wa Kiisraeli walioongozwa na Sami Adwan na Dan Bar-On waliandaa kitabu chenye simulizi mbili kwa kila ukurasa, moja kila upande, na katikati nafasi tupu ya mwanafunzi kuandika. Wizara za elimu za pande zote mbili hazikukikubali, lakini mbinu yenyewe ni imara. Shida yake darasani ni jibu la uvivu: “wote wana makosa.” Dawa ni kumtaka mwanafunzi ataje namba ya chanzo kwa kila sentensi anayoandika katikati.

Simulizi mbili nazo zina hatari yake, maana zinaweza kufanya kila taifa lionekane kitu kimoja. Ongezeni sauti ya tatu. Somo la Vita vya Kwanza vya Dunia linalolinganisha Uingereza na Ujerumani pekee linawaacha nje zaidi ya Wahindi milioni moja waliopelekwa ng’ambo, pamoja na wapagazi wa Afrika Mashariki waliokufa kwa njaa na magonjwa.

Msimteue mwanafunzi mwenye asili ya jamii fulani “atueleze upande wao.” Hilo linaumiza, na yeye hakuwepo. Mazungumzo ya video kati ya madarasa nayo nayapunguza: saa na mihula havilingani, mtandao unakatika, na wanaosema ni wale watatu wajasiri. Barua za maneno 150, zinazojibu swali moja kuhusu chanzo kimoja, huvuta hata wanyamavu.

Fundisheni somo kila upande kabla ya kulisambaza, na mwalimu mwenza akae nyuma akiandika maswali ya wanafunzi kama yalivyoulizwa. Maswali hayo ndiyo yatumike kurekebisha toleo la pili. Mkiomba ruhusa ya mkuu wa shule, ambatanisheni kipengele cha muhtasari ambacho somo linatimiza pamoja na vyanzo vyote, ili asije akaletewa kimoja peke yake na mzazi aliyekasirika.