Vespa Iliyovuta Kulia

Nilipokuwa na umri wa miaka 22, ami yangu, ambaye wakati huo alikuwa anahamia Maskati, aliniachia Vespa yake ya kijivu kwa bei ya kindugu na kwa sharti moja tu: nisimwazime mtu. Kwa kijana wa mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, kumiliki chombo kama hicho ilikuwa heshima isiyo ndogo, ijapokuwa kiti chake kilikuwa kimepasuka na honi ililia inapotaka yenyewe.

Aliyezoea pikipiki za siku hizi angetaabika nayo. Gia zilibadilishwa kwa kuzungusha mkono wa kushoto huku umebana klachi, na kwa kuwa injini yake ilikuwa ya mipigo miwili, oili ilibidi ichanganywe na petroli ndani ya tangi. Kipimo alichonifundisha ami kilikuwa asilimia 2, yaani mililita 100 kwa kila lita 5, nami nilipimia kwa chupa tupu ya dawa ya kikohozi iliyokuwa na ujazo huo huo barabara. Ukizidisha, moshi hukufuata mpaka sokoni Darajani na plagi hujaa masizi. Ukipunguza, pistoni hukwama, na hapo utajua bei ya mafundi. Isitoshe, injini ya Vespa imekaa ubavuni mwa gurudumu la nyuma, upande wa kulia, na kwa hiyo yangu ilikuwa na tabia ya kuvuta huko, nami nikazoea kukaa nimeegemea kushoto kidogo bila ya kujijua.

Mama aliapa kwamba hatoipanda. Kiapo hicho kilidumu hadi siku ya harusi moja ya Makunduchi, tulipochelewa na gari ya abiria ikatuacha. Alipanda kwa upande, miguu yake ikielekea kushoto, akalikunja buibui chini ya magoti lisije likanaswa na gurudumu, akapakata kikapu chenye sinia la visheti, na kwa mkono mmoja akanishika mkanda wa suruali kwa nguvu ambazo sikujua kuwa anazo. Tulipoingia chini ya miembe mikubwa ya Bungi, penye kivuli na ubaridi, nilimsikia ameacha kusoma dua na ameanza kuuliza nyumba ile ni ya nani na shamba lile ni la nani.

Jozani injini ikazima. Niliifungua plagi, nikaikuta nyeusi, imelowa oili, nikaanza kuisugua kwa ubavu wa kiberiti kwa kuwa msasa niliusahau nyumbani. Mama akaipokea kwa leso yake mpya ya harusi, akaifuta mwenyewe mpaka chuma kikang'aa, huku kima punju wawili wametukodolea macho kutoka juu ya mti.

"Fanya haraka, mwanangu," akasema. "Hata hawa wanatucheka."

Kiki ya tatu ikawaka. Leso ile haikutakata tena, wala sikusamehewa haraka, lakini tangu siku hiyo mama ndiye aliyekuwa akiniuliza asubuhi kama petroli ipo, na kila alipotaka samaki ilikuwa lazima nimpeleke mimi, hata kama gari za Darajani zilipita mbele ya mlango wetu.

Niliiuza nilipooa, kwa kijana mmoja wa Jang'ombe, pamoja na spana ya plagi na ile chupa ya dawa. Haikupita wiki akarudi kulalamika kwamba nimemuuzia chombo kibovu, kwani kinamvuta kulia na mafundi wawili wameshindwa kuona kilipopinda. Nilimwambia hakijapinda popote. Kimezoea tu kumchukua mama yangu upande wa kushoto.