Mishale niliyoshindwa kuikariri

Kwa muda mrefu jedwali la elementi kwangu lilikuwa mishale tu. Atomi zinakua kuelekea chini na kushoto. Nishati ya kung'oa elektroni inapanda kuelekea juu na kulia. Nilikariri usiku, asubuhi mishale imeshageuka kichwani, na kwenye mtihani nikawa napiga ramli.

Kilichonitoa hapo ni karatasi ya grafu. Nyuma ya kitabu kulikuwa na orodha ya nishati inayohitajika kung'oa elektroni ya kwanza, kwa kilojuli kwa kila moli. Nikachukua elementi 20 za mwanzo na kuanza kuweka nukta. Nilitegemea mstari wa kupanda, nikapata meno ya msumeno. Heli ipo juu kabisa, 2372, halafu lithi inaporomoka hadi 520. Safari ya kupanda inaanza upya mpaka neoni, 2081. Sodiamu nayo puu, 496. Argoni 1521, potasiamu 419.

Vilele vyote ni gesi adimu, na kila baada ya kilele kuna metali ya kundi la kwanza, yaani nguzo ya kushoto kabisa ya jedwali. Kumbe ndiyo maana safu ya jedwali inakatwa pale inapokatwa! Ganda moja la elektroni, yaani tabaka moja kuzunguka kiini, limejaa, na elektroni inayofuata imelazimika kukaa kwenye ganda jipya, mbali zaidi na kiini, huku zile za ndani zikiikinga na mvuto wa protoni. Kuing'oa ni rahisi.

Ila kwenye safu ya pili grafu yangu ilikuwa na kasoro mbili zilizoninyima raha. Boroni (801) ilikuwa chini ya berili (900), na oksijeni (1314) chini ya naitrojeni (1402). Nilifuta nukta hizo mara mbili nikidhani nimekosea kusoma. Sikuwa nimekosea. Elektroni ya tano ya boroni inaingia kwenye obiti (chumba cha elektroni ndani ya ganda) ya aina ya p, yenye nishati ya juu kidogo kuliko obiti ya s ambako elektroni za berili zinaishia, kwa hiyo haijashikwa sana. Kwa oksijeni, obiti tatu za p tayari zina elektroni moja moja. Ya nne inabidi ibanane na mwenzake, na chaji zinazofanana husukumana. Mishale ya kitabuni haikuwahi kuniambia haya, na hadi leo naona inawaficha wanafunzi sehemu tamu kuliko zote.

Tangu siku hiyo najiuliza maswali mawili tu: kiini kina protoni ngapi, na elektroni ya nje imekingwa na ganda ngapi? Ukienda kulia, protoni zinaongezeka lakini ganda ni lile lile, basi atomi inajikunja. Ukishuka kundi, ganda linaongezeka na atomi inanenepa.

Kinachonishangaza ni kwamba Mendeleev, mkemia wa Urusi, alipanga jedwali lake mwaka 1869, karibu miaka 30 kabla elektroni haijagunduliwa. Alifuata uzito wa atomi, lakini aliweka iodini baada ya teluri ingawa iodini ni nyepesi zaidi, kwa sababu tabia yake ilifanana na klorini na bromini. Mwanafizikia Mwingereza Moseley alipopima miale ya eksirei ya elementi mwaka 1913, ikaonekana mpangilio sahihi ni wa namba ya atomi, yaani idadi ya protoni: teluri 52, iodini 53.

Mtihani uliofuata ulileta swali nisilowahi kuliona: panga ioni (atomi zilizopata au kupoteza elektroni) za kloridi, potasiamu na kalsiamu kwa ukubwa. Hakuna mshale wa hilo. Nikahesabu: zote tatu zina elektroni 18. Protoni ni 17, 19 na 20. Anayevuta kwa nguvu ndogo ndiye mkubwa, basi nikaandika kloridi, potasiamu, kalsiamu, nikageuza ukurasa.